Habari za Njia Nchini Njemani

Nipeni sikio moja tu. La pili bakini nalo la kusikilizia sufuria jikoni, isije ikaungua mkasema ni mimi.

Bi Sikudhani alifika nchi ya Njemani. Msiulize alipanda nini wala alishukia wapi. Alifika, miguu imevimba, na hayo yanatosha. Alikwenda kwa ajili ya Zuwena, binti wa marehemu mdogo wake, aliyeolewa huko na sasa ana mimba ya kwanza iliyofika mlangoni kabisa. Mwanamke anayezaa bila mama anahitaji mama mkubwa, na mama mkubwa ndiye huyo, na mfuko wake wa tende, na ulimi wake.

Watu wa Njemani ni wapole, wasafi, wakarimu wa chai. Adabu yao ya kwanza, ambayo mtoto hufundishwa kabla hajavishwa viatu, ni hii: ukiulizwa habari, jibu ni njema. Mtasema hata kwetu ni hivyo. Sivyo. Kwetu mtu anaulizwa habari za nyumbani, anajibu njema, kisha anakwambia kwamba upepo umeondoka na bati. Njemani hawana hiyo "kisha". Jibu ni njema na mlango umefungwa. Anayejibu vingine amemtukana aliyemuuliza, maana amemtwika mzigo ambao hakuuomba.

Jioni ile ile Bi Sikudhani aliyaona kwa macho yake. Mbwana, mume wa Zuwena, fundi mwashi, aliingia kutoka kazini kidole kimepondwa na tofali, damu inadondoka sakafuni.

"Habari za kazi, mume wangu?" akauliza Zuwena.

"Njema," akajibu Mbwana, akaenda kutafuta kitambaa.

Bi Sikudhani alimtazama, akatazama sakafu, akameza tende yake nzima nzima.

Asubuhi wakatoka yeye na Zuwena kwenda kupimwa kwenye nyumba ya wazazi. Nayo haikuwa mbali. Mtaa wao, Mabondeni, uko upande huu wa Barabara ya Heshima, na nyumba ya wazazi iko upande ule, karibu kiasi kwamba mkunga akikaanga vitunguu Mabondeni wanajua. Kutoka mtaani mpaka kwenye mlango wa mkunga kulikuwa na kijia kilichokanyagwa mpaka kikang'aa, hakioti hata jani. Hakuna aliyekichora. Miguu ya watu ndiyo iliyokichagua, mama kwa binti.

Lakini kando ya barabara kulikuwa kumeinuka ukuta. Ukuta mrefu, wa tofali nyekundu, mrefu kuliko mtu aliyebeba mtu. Ulikuwa umekuja kutoka kulia na umekuja kutoka kushoto, na katikati, pale kijia kinapopita, ulibaki mwanya wa watu wawili kupishana.

"Na huu mwanya?" akauliza Bi Sikudhani.

"Unazibwa kesho, mama mkubwa. Mbwana ndiye anauziba. Ni ili magari ya wakubwa yasipunguze mwendo."

"Nyinyi mtapita wapi?"

"Kuna daraja."

"Liko wapi?"

Zuwena akaelekeza kwa kidevu. Bi Sikudhani akakinga macho kwa kiganja, akaliona: kitu cheupe, chembamba, huko chini ya kilima wanakokaa wakubwa, mbali hata macho yanachoka kabla ya kufika.

"Huko nani anavuka?"

"Hakuna. Lakini ni zuri sana."

"Na mabasi je? Jana nimeona basi jipya linapita tupu, na watu wanatembea pembeni yake kwa miguu wamejitwika magunia."

"Mabasi yanasimama barazani, mama mkubwa. Kwenye kahawa."

Kweli, vituo vyote vya mabasi vya Njemani vimejengwa mbele ya baraza za kahawa. Basi linasimama, mlango unafunguka, wazee wanaocheza bao wanalipungia mkono kwa heshima, mlango unafungwa, basi linaondoka. Wazee hawaendi popote. Wanaokwenda hawapo barazani, wapo njiani.

"Ni mwendawazimu gani aliyepanga haya?"

"Shh! Si mwendawazimu. Ni wataalamu. Walifanya utafiti wa mienendo ya watu."

Huo utafiti Bi Sikudhani hakuhitaji kuhadithiwa, maana ulikuwa umekaa pale pale mwanyani, juu ya kiti, chini ya mwavuli. Bwana Shaali, Mwulizaji Mkuu wa nchi, mtu wa makamo, miwani safi, kanzu imepigwa pasi. Miguuni pake palikuwa na kikapu cha maharage meupe, na ubavuni chungu chenye mdomo mwembamba. Kila anayepita alimwuliza, "Habari za njia?" na kila aliyejibu, Bwana Shaali alichukua harage moja jeupe akalitia chunguni. Barazani waliulizwa wengi zaidi, kwa kuwa aliyekaa ni rahisi kumwuliza kuliko anayekimbia. Kwa hiyo maharage ya barazani yalijaa, na palipojaa maharage ndipo serikali ilipojenga kituo.

Akapita mwanamke ana mzigo wa kuni kichwani na mtoto mgongoni. Alikuwa amesimama ng'ambo akingoja magari yapungue, jasho linamwingia machoni na mkono wa kulifuta hana.

"Habari za njia, dada?"

"Njema," akasema, akitweta.

Harage likalia ndani ya chungu.

Akapita babu mwenye gongo la kutembelea, aliyeruka tairi la gari kwa ukucha. "Njema, mwanangu." Harage.

Kisha Bwana Shaali akainua uso kwa Bi Sikudhani. "Habari za njia, mama?"

"Mbaya," akasema Bi Sikudhani.

Mwanamke wa kuni alisimama kama amenyang'anywa miguu. Zuwena akajifunika uso kwa kanga. Mkono wa Bwana Shaali ulikuwa umeshashika harage. Ukabaki hewani, hauendi mbele wala haurudi.

"Samahani, mama. Umesema?"

"Nimesema mbaya. Mbovu. Haifai. Nina mtoto hapa tumbo liko mdomoni, na nyinyi mnataka azungukie kwenye daraja la harusi ya nani sijui. Tia harage lako."

"Harage la hilo... hatuna," akasema Bwana Shaali, sauti imeshuka. "Tulinunua meupe tu."

"Basi chukua hili." Akatema kokwa la tende kiganjani, akalipangusa kwa ncha ya kanga, akampa. Mtu wa Njemani hakatai zawadi ya mgeni. Bwana Shaali akalitia chunguni, na lile kokwa likalia mlio wake peke yake.

Hapo ndipo Bwana Shaali alipomsogelea akanong'ona, akitazama pembeni kama anayenunua kitu cha haramu.

"Mama, mimi nimesoma nchi za mbali. Huko hatukuwa tunauliza. Tulikaa kando tukaangalia watu wanapita wapi, wanasimama wapi, wanageukia wapi. Miguu yao ndiyo ilitwambia pa kujenga."

"Na hapa unashindwa nini? Umekalia kijia chenyewe! Kinang'aa hata kipofu atakiona."

"Hapa kumtazama mtu miguu ni kumvunjia heshima. Ipo sheria. Niliwaambia wakubwa mara moja, wakaniuliza habari za masomo." Akavua miwani akaifuta. "Nikasema njema."

Kokwa lile halikulala. Adhuhuri, Zuwena na mama mkubwa wake wakiwa bado wanangoja magari yapungue wavuke kwenda kupimwa, walikuja kuitwa na kupelekwa kwenye Baraza la Nyendo, nyumba yenye mazulia huko huko upande wa Mabondeni. Wajumbe walifika kwa magari. Kila aliyeingia alimwuliza mwenzake habari za njia, na wote, waliokuja wamelala usingizi kwenye viti vya nyuma, wakajibiana njema. Bwana Fumo, Mkuu wa Nyendo, mzee mwenye sauti ya asali, akakaa juu, na mbele yake wakakimwaga chungu cha maharage juu ya sinia. Kilima cheupe, na juu yake kokwa moja jeusi.

"Limedondoshwa na ndege," akasema mjumbe mmoja mnene.

"Ndege haingii chunguni," akasema mwenzake mwenye kofia ya zari. "Mimi naona ni harage lililoungua."

"Ni jibu," akasema Bwana Shaali, amesimama nyuma. "Mgeni alijibu vingine. Na, kwa ruhusa yenu, waheshimiwa, mimi nimekaa pale siku nyingi. Kila mtu wa Mabondeni anapita pale mwanyani. Darajani sijaona hata paka. Miguu yao..."

Wajumbe waligeuza nyuso kama amevua nguo.

"Miguu!" akasema mwenye kofia ya zari. "Bwana Shaali, una binti nyumbani. Miguu imeapa lini mbele ya baraza hili?"

"Haijaapa, mheshimiwa."

"Ulimi wa mtu ukisema njia ni njema na miguu yake ikakimbilia kwingine, tumwamini nani?"

"Ulimi," akajibu mjumbe mnene, kabla hajaulizwa. "Ulimi umelelewa. Miguu inakanyaga popote."

Wakapiga makofi. Bi Sikudhani akasogea mbele juu ya zulia. Akasema, "Nina swali, waheshimiwa. Huko mnakokaa, nani amewahi kuvuka barabara hii kwa miguu yake? Mmoja tu anyooshe mkono."

Hakunyoosha mtu. Si kwa aibu. Walikuwa wanangoja waulizwe kwa adabu.

Bwana Fumo akatabasamu. "Mama yetu mgeni ana uchungu, nasi hatumlaumu, kwao ndivyo walivyolelewa. Lakini njia si yake. Tumwulize mwenye njia." Akamgeukia Zuwena, na sauti yake ikawa asali tupu. "Binti yangu. Wewe ndiye mjamzito, wewe ndiye mkazi wa Mabondeni. Habari za njia?"

Zuwena akasimama. Mkono mmoja kiunoni, mwingine ukutani. Bi Sikudhani, aliyepokea watoto wa watu kabla ya hao wajumbe kuota ndevu, aliona midomo ilivyobana na jasho lilivyojitokeza juu ya mdomo. Uchungu ulikuwa umeanza. Umeanza pale pale, juu ya zulia la serikali.

Sema, mwanangu, akaomba moyoni. Neno moja tu.

"Njema, baba," akasema Zuwena.

"Mmesikia," akasema Bwana Fumo. "Mgeni arudishiwe kokwa lake. Na mwanya uzibwe leo badala ya kesho, ili watu wasizidi kukosana."

"Kukosana!" Bi Sikudhani alisimama na mfuko wake. "Nyie watu! Mtoto amesimama mbele yenu uchungu umemshika, kiuno kinakatika, na nyie mnashangilia neno! Mngemtazama mara moja tu, uso wake, mkono wake, mngejua. Kuku wangu wakibadilisha njia ya kwenda kwenye maji mimi nauliza kuna nini, maana nawaangalia. Nyie binadamu wenzenu hamwaangalii! Mmejaza sinia maharage, na hata kuyapika hamtayapika!"

"Habari za kurudi, mama," akasema Bwana Fumo, na mlango ukafunguliwa.

Walirudi Mabondeni wakavuke kwa mkunga, Zuwena anasimama kila hatua chache, anauma kanga. Walipofika kwenye ukuta, amri ilikuwa imewatangulia. Mafundi walikuwa kazini, na mwanya wa watu wawili ulikuwa umebaki dirisha la juu ya kifua. Mbwana alikuwa ameshika tofali mkono huu na mwiko mkono ule. Ng'ambo, ndani ya gari lililosimama, alikaa msimamizi, amewapa kisogo kama inavyotakiwa, maana kumkodolea macho mtu anayefanya kazi ni kutomwamini.

"Mbwana," akasema Bi Sikudhani. "Weka hilo tofali chini."

"Mama mkubwa, nina amri."

"Na una mke."

Mbwana akageuka akamwona Zuwena. Magoti yalikuwa yameshamwisha, akaketi kwenye kokoto, na kutoka kifuani ikamtoka sauti ambayo si neno la lugha yoyote. Tofali likamponyoka Mbwana. Akaukazia macho ukuta wake mwenyewe, udongo bado mbichi, akalisukuma tofali la juu. Likaanguka. Akasukuma la pili.

"Habari za kazi?" akauliza msimamizi, kisogo kile kile.

Mafundi wakatazamana. Mbwana, machozi yanamtiririka, akapaaza sauti: "Njema!"

"Njema sana!" akaitikia mwenzake, akavuta tofali. Mwanamke wa kuni akatua mzigo akaja. Babu wa gongo akaja, akapenyeza gongo lake kati ya tofali akabinua. Tofali zinadondoka, vumbi linapanda, na kila msimamizi alipouliza wakamjibu kwa pamoja kama walioko harusini, "Njema! Njema!"

Lakini mtoto hakungoja. Alizaliwa pale pale mwanyani, nusu ya mama yake yuko Mabondeni na nusu barabarani, na mkunga alikuja mbio kutoka ng'ambo mikono inanuka vitunguu, magari yanampigia honi. Kitovu kilikuwa kimemzunguka shingo. Alikuwa wa kike, na alikuwa wa buluu, na alikuwa kimya. Mkunga alikifungua, akamgeuza, akampiga, akampulizia. Kama wangefika mapema, yote haya yangefanyika kitandani, kwenye maji ya moto, si juu ya kokoto. Bi Sikudhani alimshika Zuwena kichwa.

Kisha mtoto akalia. Alilia kwa hasira, mdomo wote wazi, na msimamizi, bila kugeuka, akauliza hiyo ni habari gani tena. Hakuna aliyemjibu.

Jioni ile mpiga mbiu alipita akitangaza kwamba ukuta wa Barabara ya Heshima umekamilika kwa salama, kwa ushahidi wa mafundi wenyewe. Mabondeni walicheka mpaka wakashika mbavu. Kuanzia hapo wakawa wanapita kwenye ukuta usiokuwapo, asubuhi na jioni, na serikali haijui. Wakaja kumpongeza Bi Sikudhani.

"Tumewaweza, mama mgeni! Tumewaweza kwa njema yao wenyewe!"

"Mmewaweza nini?" Hakucheka hata kidogo. "Mmewadanganya, nao wamefurahi. Mtu akipikiwa akala akasifu, si anapikiwa tena?"

Hawakumwelewa mpaka mpiga mbiu aliporudi. Kwa kuwa ukuta wa kwanza umependwa na wote, Baraza la Nyendo limeamua kuwazawadia watu wa Mabondeni ukuta wa pili, kati yao na soko, mrefu zaidi. Na safari hii msimamizi atakuwa na askari, na askari hawana adabu ya kuwapa watu kisogo.

Kicheko kikakatika mtaa mzima.

Bwana Shaali alikuja kuuliza, kama taratibu inavyotaka. Alikuja na sukari ya mzazi imefungwa vizuri, na kikapu chake, na chungu chake. Zuwena alikuwa kitandani, mtoto ananyonya. Mbwana alisimama mlangoni, na nyuma yake mwanamke wa kuni, na babu wa gongo, na wengine waliokuja kumwona mtoto wakajikuta wanasikiliza.

Bwana Shaali akasafisha koo. Alionekana mtu asiyelala vizuri. "Habari za njia, mwanangu? Ile ya sokoni."

Zuwena akafungua mdomo, na Bi Sikudhani akaiona midomo inajipanga yenyewe, kama ilivyojipanga mbele ya Bwana Fumo, kama ilivyofundishwa tangu utotoni. Mtoto akaachia ziwa, akakunja uso, akaanza kunung'unika. Zuwena akamtazama shingoni, pale ambapo alama ilikuwa bado haijafutika.

"Mbaya," akasema.

Bwana Shaali hakugusa kikapu cha maharage. Alitia mkono mfukoni mwa kanzu, akatoa kokwa la tende, lile lile aliloamriwa kulirudisha asilirudishe, akalitia chunguni.

Akataka kusimama.

"Sijamaliza," akasema Zuwena. "Kaa, baba. Nataka nikwambie nilivyopita. Na ukimaliza kunisikiliza, utoke ukatazame tunavyopita. Utazame miguu. Mimi yangu nimekuruhusu."

"Na yangu," akasema mwanamke wa kuni kutoka mlangoni. Alikuwa ameshatua mzigo. "Ila nami nina yangu ya kusema. Mbaya, ndugu yangu. Mbaya sana."

"Mimi nilikuwa mbele yako," akasema babu wa gongo.

Bwana Shaali alitazama chungu, akatazama mifuko yake mitupu, kisha akamtazama Bi Sikudhani kama mtu aliyeishiwa nauli katikati ya safari. Lakini Bi Sikudhani alikuwa ameshafungua mfuko wake wa tende, na anazigawa pale mlangoni, mkono kwa mkono.

"Kuleni haraka," akawaambia. "Makokwa mniachie."